Mkalimani naye ana mwili: jinsi ya kujitunza ukiwa kazi yako ni kubeba habari za watu

Siku moja nilirudi nyumbani jioni nikawasha jiko, nikakaa kwenye kigoda na kitunguu mkononi nianze kukata, na nilipokuja kushtuka makaa yalishakuwa majivu, sufuria sijainjika, mtoto kalala na njaa kwenye mkeka. Kitunguu bado nimekishika. Mpaka leo sijui nilikaa pale muda gani. Siku ile nilikuwa nimewatafsiria wamama wanne, mmoja baada ya mwingine, bila hata kutoka nje kunywa maji.

Mi naishi Nakivale, huku Isingiro, na nafanya ukalimani wa kujitolea kituo cha afya. Wanatupa posho kidogo (na hapa Uganda ukisema posho watu wanaelewa ugali, na kusema kweli ndo kiasi chake, inatosha ugali). Nakivale ni makazi ya wakimbizi ya zamani sana, ina zaidi ya miaka 60, na tuko wa kila aina, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia. Muuguzi anaongea Kinyankore na Kiingereza, mgonjwa kaja na Kiswahili cha Kivu ama Kibembe, mi niko katikati.

Sasa kazi yetu ina sheria moja ambayo watu wa nje hawaijui. Mgonjwa akisema "walimuua mume wangu mbele yangu," mi sigeuki kusema "anasema walimuua mume wake." Hapana. Nageuka nasema vilevile, mume WANGU, mbele YANGU, manake mkalimani anatakiwa kuongea kama ni yeye. Siku nzima unasema mimi, mimi, mimi, na hakuna hata "mimi" moja iliyo yako. Kichwa kinaelewa kwamba umeazimwa mdomo tu ila mwili hauelewi, mwili unasikia tu kwamba mume wangu kauawa, tumbo linajikaza, mabega yanapanda, na jioni unabeba vyote mpaka nyumbani.

Naandika hii kwa wakalimani wenzangu, kwa wale wa VHT (timu za afya za vijiji) wanaozunguka nyumba kwa nyumba, viongozi wa vijiji, mama wa kanisa anayeitwa kila msiba, na we dada ambaye hujapewa kazi yoyote lakini mlango wako ndo kila mtu anaugonga. Nitasema nilichojaribu, kilichonisaidia na kilichokataa.

Kabla hujasema ni stress, pima malaria

Naanza na hili kwa sababu mi mwenyewe lilinidanganya. Wiki mbili nilikuwa sina nguvu, mwili unauma, hamu ya kula hakuna, nikajiambia ni zile habari za watu zimenizidi, nikaombewa na kuombewa. Ilikuwa malaria. Kipimo cha kidole dakika 15 hadi 20 jibu limetoka. Basi ukichoka kuliko kawaida nenda kapime kwanza, na kama we ni mama na hedhi yako ni nyingi omba waangalie damu pia, upungufu wa damu unafanana sana na huzuni, unapanda kilima kidogo tu moyo unadunda kama umefukuzwa. Sisi tunaokaa kituoni kutwa ndo wa mwisho kupimwa, tunashika foleni za watu wengine tu.

Ukishajua mwili hauna ugonjwa, sasa tuongee yale mengine.

Vaa kazi, vua kazi

Nina fulana ya kazi, ile ya bila mikono yenye maandishi mgongoni. Zamani nilikuwa naingia nayo mpaka jikoni, nalala nayo mchana. Sa hivi nimepigilia msumari nje, pembeni ya mlango, nikifika inabaki pale. Afu kuna jerikani ndogo ya lita 5 na sabuni, nanawa mikono, uso, na miguu mpaka kwenye magoti, taratibu, na ninapomwagia miguu nasema kimoyomoyo: hii ni ya yule mama, siyo yangu, nimeifikisha. Mtoto kashazoea, ananisubiri nimalize ndo anikumbatie. Mwanzoni niliona kama mchezo wa kitoto, jirani alinicheka akaniuliza kwani natoka kuzika, nikamwambia dada, siku zingine ni kama natoka kuzika kweli.

Ukiwa kazini nako kuna vitu vidogo. Uliza kabla ya kuingia, "leo habari ni ya aina gani?" Muuguzi mzuri atakwambia ni mtoto anaharisha au ni mambo ya ukatili, na hiyo nusu dakika ya kujiandaa ina thamani, kipigo unachokiona kikija hakikuangushi. Kati ya mgonjwa na mgonjwa simama, toka nje, angalia mbali hata kama ni mbuzi wa watu tu. Na siku habari imezidi kabisa, hasa kama inafanana na yako mwenyewe, mwambie muuguzi wazi kwamba hii naomba nitafsiri kwa "anasema". Kuna walimu wa ukalimani watakaokasirika wakisoma hapa. Wakasirike, ila mkalimani aliyeanguka chini hatafsiri kitu.

Nanga ya kwenye benchi

Hii haihitaji hela wala nafasi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa kijitabu cha picha kuhusu kufanya lililo muhimu wakati wa msongo, na sehemu ya kwanza kabisa inafundisha kujitia nanga. Mafunzo ya namna hii yalijaribiwa hapahapa Uganda, Rhino Camp kule kaskazini, kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini karibu 700, wanakaa kwa makundi wanasikiliza sauti iliyorekodiwa, vipindi 5, na waliopitia walionekana kupungukiwa na msongo. Naipenda hiyo manake haikutoka mahali ambapo watu wana makochi na viyoyozi, imetoka kwa wamama wanaopiga foleni ya maji kama mimi.

Unafanya hivi. Dhoruba ikianza ndani, usishindane nayo, iambie tu jina: "naona hasira inakuja," "naona ile picha inarudi." Kandamiza nyayo zako chini, zote mbili, kama unataka kuacha alama kwenye udongo. Toa pumzi mpaka iishe, afu acha iingie yenyewe, taratibu, mara tatu nne. Nyoosha mikono ama sukuma vidole kwa vidole. Ndo uangalie ulipo: unaona nini, unasikia nini, kuna harufu gani, mi huwa naanza na ile bango ya chanjo ukutani halafu sauti ya boda nje. Dhoruba haiishi, usidanganyike, ila meli haiendi nayo. Fanya na siku ambayo uko sawa, ukisubiri mpaka siku umechafukwa utasahau hata pa kuanzia.

Kutembea kwako, siyo kutembea kwa jerikani

Mtu akiniambia nifanye mazoezi nilikuwa nakasirika. Mazoezi gani bana, mi nachota maji, nalima, nabeba kuni? Na kweli, utafiti uliotoka 2018 uliolinganisha nchi 168 uliiweka Uganda juu kabisa kwa watu kutembeza mwili, wasiofanya vya kutosha walikuwa kama asilimia 5 na nusu tu. Huku hatuna shida ya uvivu.

Lakini kuna vitu viwili nilikuja kugundua. Cha kwanza, tangu nianze ukalimani nakaa kwenye benchi masaa sita, saba, shingo imegeukia upande mmoja, kulima nimemwachia mdogo wangu. Cha pili, jerikani ya lita 20 ni kilo 20 kichwani na akili yako yote iko kwenye maji yasimwagike na mtoto yuko wapi na foleni ya kesho. Mwili umefanya kazi sawa ila akili haijapata hata hatua moja ya kupumzika. Kutembea mikono mitupu, hakuna unachobeba wala unachofuata, hicho ni kitu tofauti kabisa, na nakuapia ukianza utajisikia kama mwizi. Watu watakuuliza unaenda wapi. Sema naenda na kurudi.

Kiasi chenyewe ni dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa kati, hayo ni maelezo ya haohao Shirika la Afya, kwa hiyo dakika 30 mara tano unaingia. Mwendo wa kati ni ule ambao unaweza kuongea na mwenzako ila ukitaka kuimba pumzi inakataa. Mi nilianza kwa kushuka boda mapema, zamani ilikuwa inanifikisha mpaka mlangoni, sa hivi nashuka barabarani namalizia kwa miguu, na hela ya boda inapungua, hiyo nayo ni dawa. Nenda asubuhi kabla jua halijachacha ama saa kumi na moja jioni, na wadada tembeeni wawili wawili, giza likianza muwe mmefika, siwezi kudanganya kwamba kila njia ni salama.

Siku 2 kwa wiki ongeza kitu cha misuli. Kaa kwenye kigoda, inuka bila kushika popote, kaa tena, mara 10, pumzika, rudia. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja, sukuma, mara 10. Jaza zile jerikani za lita 3 maji, moja kila mkono, inua mpaka mabegani. Mgongo wangu ulikuwa unanilaza macho kwa sababu ya benchi, mwezi wa pili ulinyamaza, sikutumia kidonge hata kimoja. Ukisikia maumivu ya kuchoma ama yanashuka mguuni, acha, muone mtu wa afya.

Sasa kwepena! Hapo ndo moyo wangu ulipo. Waliokulia Uganda wanaijua tangu shule, Wakenya wanaita kati, Watanzania wanaita rede: mpira wa soksi kuukuu ama maganda ya migomba, wawili wanarusha kutoka huku na kule, we uko katikati unakwepa. Tulianza kama mzaha Jumamosi moja, wasichana wakatuita, tukaingia na vitenge vyetu, mama mmoja wa miaka hamsini na kitu ambaye kazi yake ni kusindikiza wajawazito akakwepa mpira kwa kulala chini kabisa, puu, vumbi, akainuka anacheka mpaka machozi. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Ukiwa katikati ya kwepena huwezi kufikiria habari ya mtu yeyote, mpira unakuja, hiyo tu. Wababa wao wana uwanja wa mpira, sina haja ya kuwafundisha, ila wale wanaokaa pembeni kushangilia tu na chupa ya waragi, ile pombe kali, mkononi, hiyo siyo mazoezi wala siyo pumziko, waragi inakulaza afu inakuamsha saa nane usiku na kila kitu kikubwa zaidi.

Kula kabla hujawalisha

Fupi tu. Msaidizi anakula mwisho, chai ya rangi na andazi saa tano, afu hakuna kitu mpaka jioni. Nilikuwa hivo, na saa nane mchana kila mgonjwa alikuwa ananiudhi, nikadhani nimekuwa na roho mbaya kumbe ni njaa. Pika maharage ya kutosha jana yake, asubuhi pasha kula na kiazi ama posho iliyobaki. Dodo (wenzangu wa Kongo, lengalenga) haina gharama ukiotesha pembeni ya nyumba, na mukene, ambayo sisi tunaita ndagala, kikombe kimoja kinatosha nyumba nzima. Beba chupa ya maji. Mgao wa chakula cha wakimbizi ulivyopunguzwa najua siyo kila mtu ana cha kubakiza, ila kama kipo, anza wewe kabla hujatoka.

Mlango unaogongwa usiku

Hapa pagumu. Kuweka mpaka kwetu kunaonekana kiburi, hasa ukiwa umesoma kidogo, utasikia "amekuwa mzungu." Mi nimeandika orodha yangu ya vitu vya kuniamsha saa yoyote: mama ameshikwa na uchungu, damu nyingi, mtoto ana homa anatetemeka ama haamki, mtu anasema anataka kujiua, mtu anapigwa. Hivyo naamka, nakuja na khanga begani. Vingine vyote, karatasi za ofisi, ugomvi wa mpaka wa shamba, barua ya kusomewa, vinasubiri.

Jirani alikuja saa nne usiku na barua. Zamani ningefungua nikasoma huku nasinzia. Nikamwambia hivi, na unaweza kuyatumia maneno haya vilevile: "Mama, nimekusikia, na hii barua ni ya maana. Sa hivi macho yangu hayasomi vizuri nisije nikakupoteza. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa pale nje ya kituo, tutaisoma wote." Akanuna. Asubuhi alikuja, tukasoma, ilikuwa ni tarehe ya mkutano wa wiki ijayo. Cha muhimu ile saa mbili uwepo kweli, ukikosa mara moja tu watarudi kugonga usiku, na watakuwa na haki.

Na usichukue hela yako ya chumvi kuwapa wagonjwa. Nimefanya, nimelia. Jua nani anafanya nini uwaelekeze: mambo ya watoto kuna laini ya 116, ni bure, mengine kuna wahusika wa ulinzi na wa jamii. Kumfikisha mtu kwenye mlango sahihi na kurudi nyumbani ni msaada kamili, hujaacha kitu nusu.

Likelemba ya masaa

Haya yote niliyosema, kama ungeniachia niyafanye peke yangu, yangekufa wiki ya pili. Pumziko la peke yako linaliwa na mtu wa kwanza anayekuja kugonga.

Wakongo wote wanajua likelemba: tunachanga, wiki hii anachukua huyu, wiki ijayo yule. Sisi wakalimani tuko sita na hela hatuna, ndo mmoja wetu akasema tuchange masaa. Kila Jumatano kuanzia saa saba mchana mmoja haji, wengine tunagawana wagonjwa wake, simu yake inabaki kwa mwenzake, na akigongewa nyumbani anasema leo nenda kwa fulani. Wiki sita duara limekamilika, tunaanza tena. Msimamizi tulimwambia mapema tukamwonyesha karatasi ya zamu, hakuwa na neno manake kazi haikukatika.

Mzunguko wa kwanza tuliuharibu. Wa kwanza kupokea alifua nguo za nyumba nzima. Wa pili alienda kupalilia. Mimi wa tatu, nikaenda kutafsiri kwenye msiba! Tukakaa chini tukaweka sheria: masaa ya likelemba hayafuliwi, hayalimwi, hayatafsiriwi. Unalala, unatembea, unaenda kusalimia mtu asiye na shida, unakaa ukingoni mwa ziwa unaangalia ndege. Mmoja alienda Mbarara kusukwa nywele na akarudi na habari za mjini, tulifurahi wote kama tumesukwa sisi.

Ijumaa tunakaa nusu saa baada ya kazi. Hatutaji jina la mgonjwa wala kijiji wala ugonjwa, kila mtu anasema kitu kimoja tu kilichobaki mwilini: "koo langu limekaza tangu Jumanne." Hakuna kushauri. Anayetaka kulia analia, mwingine anamenya karanga. Afu tunaondoka. Ukiwa huna kundi, tafuta hata mmoja mwenye kazi kama yako, wawili mnatosha kuanza.

Ikizidi

Kama umekosa usingizi wiki mbili mfululizo, unaota habari za wagonjwa kama zako, unampiga mtoto kwa kitu kidogo, umeanza kunywa ili ulale, ama wazo la kufa linakuja linakaa, hapo siyo kutembea wala kwepena. Nenda kituoni, na safari hii ukae upande wa mgonjwa. Sema maneno hayohayo niliyoandika hapa, usiseme "nimechoka tu." Vituo vikubwa vya ngazi ya IV mara nyingi vina mtu wa afya ya akili, na hospitali ya rufaa ya Mbarara ina wodi yake. Kama unaogopa kuonekana na watu unaofanya nao kazi, omba kuelekezwa kituo kingine, ni haki yako. Na usikubali mtu akwambie ni wazimu. Mi nilienda. Nilikaa kwenye kile kiti, nikaanza kusema "mimi," nikakuta sina cha kusema dakika nzima, nilikuwa nimesahau yangu iko wapi. Yule dada muuguzi akasubiri tu, kalamu kaiweka chini.

Jumatano hii zamu siyo yangu, ni ya yule mama wa kulala chini kwenye kwepena, kasema atalala tu, mlango kaufunga na kufuli la nje ili wadhani hayupo. Jumamosi saa kumi tunacheza, mpira wa soksi ninao mimi. Ukiwa karibu na Base Camp, hapahapa Nakivale, njoo, ila usivae sketi ya kubana.